Mafaili ya xls: mauzo yaweza kupotea

WAFANYABIASHARA wanaobadilisha programu za ofisi wanashauriwa kwanza kuwauliza mawakala na wahasibu wao wanatumia toleo gani.

Mwaka 2007 Microsoft ilileta Excel yenye mafaili ya xlsx badala ya xls. Programu mpya hufungua faili la zamani, lakini ya zamani yenyewe haifungui jipya. Ndiyo maana wengine huhifadhi kwa xls ili kila mtu asome.

Hapo ndipo penye hasara. Ukurasa wa xls hubeba mistari 65,536 tu. Wa xlsx hubeba 1,048,576. Mistari inayozidi haihifadhiwi. Programu huonya, ila ni rahisi kulipita onyo bila kulisoma.

Uingereza ilipata funzo mwaka 2020. Shirika la afya ya umma lilitumia xls kupokea majibu ya vipimo vya UVIKO-19, na wagonjwa 15,841 hawakuingia katika takwimu kwa wakati.

Kinga yake ni ndogo: faili la asili litunzwe, nakala ipelekwe kwa xlsx, na anayepokea ahesabu mistari na kulinganisha jumla kabla fedha hazijalipwa.