Butembo na Beni: Kamera iliyotumika yaweza kumlisha mpiga picha au kumaliza mtaji wake

Katika miji ya Butembo na Beni, jimboni Kivu Kaskazini, mpiga picha anayeanza kazi ni nadra kuanza na kamera mpya. Wengi huanza na kamera iliyokwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine Ulaya, Japani au Dubai, kisha ikaletwa na mfanyabiashara. Bei yake huvutia. Shida ni kwamba ikigoma wiki ya pili, aliyeiuza yuko ng'ambo ya mpaka na fedha hairudi. Kwa kijana aliyekusanya dola moja moja, kosa la namna hiyo linaweza kufunga studio kabla haijafunguliwa.

Hatari hiyo imeongezeka kwa sababu njia za kuleta bidhaa zimepungua. Mji wa Kanyabayonga, kusini mwa wilaya ya Lubero, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025. Barabara ya taifa namba 2, iliyounganisha Goma na Butembo, sasa imekatwa na vita. Mlango uliobaki ni Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, takriban kilomita 80 mashariki mwa Beni kwa barabara ya taifa namba 4. Barabara hiyo nayo imeshuhudia mashambulizi ya waasi wa ADF. Kutoka upande wa Uganda, Kampala iko zaidi ya kilomita 400. Kurudisha kamera mbovu kwa safari kama hiyo kunaweza kugharimu kuliko kamera yenyewe.

Kwa nini kamera nzuri zimeshuka bei

Sababu kubwa iko viwandani. Tangu mwaka 2018, Nikon na Canon ziligeukia kamera zisizo na kioo ndani, Nikon kwa aina ya Z na Canon kwa EOS R. Wapiga picha wa nchi tajiri waliohamia huko waliuza kamera zao za zamani, ambazo nyingi bado zina uwezo mkubwa wa kazi.

Mfano ni Canon EOS 5D Mark II. Ilipotoka mwaka 2008, bodi peke yake iliuzwa dola 2,699 za Kimarekani. Leo inapatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ina megapikseli 21, na kihisi chake cha mwanga kina ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35. Nikon D700, ya mwaka huohuo, ina megapikseli 12 tu. Hata hivyo, picha yake inatosha kuchapishwa kwa upana wa sentimita 36 kwa ubora kamili, yaani zaidi ya ukurasa wa albamu ya A4. Mnunuzi anayetishwa na idadi ya megapikseli na akumbuke hesabu hiyo.

Lakini umri nao una gharama zake. 5D Mark II hutumia kadi za CompactFlash, ambazo hazichomekwi kwenye kompyuta ndogo bila kisomaji chake. Video yake hukatika faili linapofika gigabaiti 4, takriban dakika 12 kwa ubora wa juu. Anayerekodi misa ya ndoa atalazimika kuwasha upya mara kwa mara, na huenda kiapo cha maharusi kikampita. Kwa mtu wa video, Canon 70D ya mwaka 2013 inaweza kufaa zaidi ingawa kihisi chake ni kidogo, kwa sababu hufuata uso wa mtu vizuri inaporekodi.

Yaangaliwe nini kabla ya kulipa

Cha kwanza ni shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Kina umri wake. Canon 5D Mark II na Mark III, pamoja na Nikon D700 na D750, shata zake zilipimwa kiwandani kufikia picha 150,000, na ya Canon 70D picha 100,000. Hiyo haina maana kwamba itakufa siku ikifika hapo. Nyingine huvuka mbali, nyingine hufa mapema. Lakini kamera iliyokwisha kupiga picha 140,000 haistahili bei ya ile iliyopiga 30,000.

Kwa Nikon, hesabu hiyo imeandikwa ndani ya faili la kila picha. Inatosha kupiga moja, kuihamishia kwenye kompyuta na kuisoma kwa programu ya kuonyesha taarifa za picha. Kwa Canon nyingi hesabu haimo ndani ya faili. Huhitajika waya na programu maalumu. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kumpa mnunuzi jibu.

Cha pili ni kihisi. Tundu la lenzi lipunguzwe hadi f/16, kisha ipigwe picha ya ukuta mweupe au ya mbingu. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi, na husafishwa. Mikwaruzo, au nukta za rangi zisizohama kutoka picha moja hadi nyingine, ni jambo zito zaidi.

Cha tatu ni lugha na jina. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu. Canon nazo hubadilika majina kwa nchi: ile inayoitwa 600D Ulaya ndiyo Rebel T3i ya Marekani na Kiss X5 ya Japani. Mnunuzi asilipe zaidi kwa kudhani jina geni ni toleo jipya.

Baada ya hapo kila kitufe kibonyezwe, kila mlango ufunguliwe, fleshi iwashwe, betri na kadi zitolewe na kurudishwa. Skurubu zilizochubuka ni dalili kwamba kamera imewahi kufunguliwa. Kutu kwenye chemba ya betri ni dalili ya maji.

Ukungu, adui wa lenzi

Butembo iko kwenye miinuko, na mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Beni iko chini zaidi na ni ya joto, lakini unyevu haukosekani. Hali hiyo huotesha ukungu ndani ya lenzi: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazokula rangi ya kinga kwenye kioo.

Kuugundua ni rahisi. Tochi ya simu imulikwe upande mmoja wa lenzi, na jicho lichungulie upande mwingine huku lenzi ikigeuzwa polepole. Vumbi kidogo halina neno, maana kila lenzi ya zamani inalo. Lakini nyuzi zikionekana, lenzi hiyo iachwe hata kama bei ni ya kutupa. Kuisafisha huhitaji fundi mwenye vifaa, na isiwekwe sanduku moja na lenzi nzima.

Lenzi safi nayo hulindwa kwa gharama ndogo. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya au vifaa vya umeme, linatosha. Mfuko wa ngozi uliofungwa na kusahauliwa kabatini ndio makao anayoyapenda ukungu.

Lenzi kwanza, bodi baadaye

Kosa la kawaida ni kubadilisha bodi kila fedha inapopatikana, huku lenzi ikibaki ileile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa kwa Canon na Nikon, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndani ya kanisa lenye taa chache, au kwenye sherehe jioni umeme ukiwa umekatika, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha picha ya kuuza na picha ya kufuta.

Hata hivyo, si kila lenzi huingia kila kamera. Kwa Canon, lenzi zenye alama ya EF-S hazifungwi kwenye bodi za kihisi kikubwa kama 5D au 6D. Zile za EF huingia pande zote mbili. Anayepanga kuhamia huko siku moja anunue EF tangu leo. Zitamfaa hata kwenye EOS R, kwa kutumia adapta. Kwa Nikon, lenzi za zamani zenye herufi D hutegemea mota iliyo ndani ya bodi. D7000 na D750 zina mota hiyo. D3100, D3200 na D5300 hazina. Lenzi ya D kwenye bodi hizo italengwa kwa mkono tu. Mwenye bodi hizo atafute yenye alama ya AF-S.

Baada ya lenzi hufuata fleshi ya nje, kisha betri ya pili. Hapa kamera za kioo zina faida kubwa. Kwa kipimo cha viwanda, betri moja ya 5D Mark II hupiga takriban picha 850, wakati ile ya Sony a6000, kamera ndogo isiyo na kioo, hupiga takriban 360. Mahali ambapo kuchaji hutegemea jenereta au sola, hesabu hiyo ni ya kufikiriwa. Tena betri ya LP-E6 hutumika kwenye Canon nyingi, kuanzia 60D na 70D hadi 5D Mark II na 6D, hivyo anayepanda ngazi haachi betri zake nyuma.

Kadi za kumbukumbu ziogopwe kuliko kitu kingine. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 64 huku ndani ikiwa na 8 tu. Ikijaa, hupokea picha na kuzipoteza kimyakimya. Kinga ni kuijaza yote kwa mafaili nyumbani na kuyafungua tena, kabla ya kuibeba harusini. Bodi mpya ndiyo ije mwisho.

Karatasi na tahadhari

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Kamera kubwa barabarani huvuta macho, na kupiga picha askari, vizuizi au madaraja kunaweza kuleta matatizo makubwa. Risiti ya ununuzi na karatasi za forodha za DGDA kutoka Kasindi zihifadhiwe, na nakala yake ibaki kwenye simu. Namba ya bodi nayo iandikwe mahali: ikiibwa, ndiyo ushahidi wa kwanza wa mwenye mali.

Katika miji hii miwili, kazi ya kamera haiishii kwenye arusi na komunyo ya kwanza. Beni na Butembo zilikuwa kitovu cha mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Vijiji vya Beni vimeuawa watu tangu mwaka 2014. Familia iliyokimbia usiku huacha albamu nyuma, na mara nyingine picha pekee ya marehemu iliyobaki ni ile iliyo kwenye kompyuta ya mpiga picha wa mtaani. Kwa hiyo, katika bajeti ya kamera iliyotumika, itengwe fedha ya diski mbili za nje: moja ikae studio, nyingine ikae nyumba nyingine.