KADI YA KUUNGWA NYUMBANI YAIHUISHA KOMPYUTA KONGWE

Miongoni mwa mashine za kompyuta zilizoingia majumbani katika miaka ya 1970, moja ilipata sifa ya pekee kwa sababu ya kifuniko chake. Apple II, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi Juni 1977, ilifunguliwa kwa mikono mitupu. Mwenye nayo aliinua kifuniko kwa upande wa nyuma, bila bisibisi, naye akaona ubao mmoja mpana wa saketi, na nyuma ya ubao huo matundu manane yaliyojipanga kama askari katika gwaride. Humo ndimo zilimochomekwa kadi za kuiongezea mashine uwezo: hii ya kuendesha mashine ya kuchapia, ile ya kuhifadhi habari katika sahani za sumaku, nyingine ya kupeleka ujumbe kwa njia ya simu.

Karibu nusu karne imepita, na wako watu wanaokaa mezani jioni wakiunga kadi mpya za mashine hiyo kwa mikono yao. Kazi yao yafaa kufahamika, kwani ndani yake mna mafunzo ya ufundi, ya subira na ya utunzaji wa vyombo.

MABISHANO JUU YA MATUNDU

Aliyeisanifu Apple II ni Steve Wozniak, mzaliwa wa mwaka 1950, aliyekuwa mhandisi wa mashine za kukokotolea hesabu katika kampuni ya Hewlett-Packard. Alikuwa pia mwanachama wa chama cha wapenda kompyuta kilichokutana kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1975 katika gereji ya nyumba moja mjini Menlo Park, jimbo la California. Desturi ya chama hicho ilikuwa kushirikiana: aliyebuni saketi alileta mchoro wake, na wenzake wakaunakili na kuujaribu.

Ilipofika siku ya kuamua mashine iwe na matundu mangapi, Wozniak na mwenzake Steve Jobs walipishana. Jobs aliona mawili yatosha, moja la mashine ya kuchapia na jingine la simu. Wozniak alishikilia manane, wala hakurudi nyuma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu: wanunuzi watakuwa na mahitaji ambayo msanifu hakuyawazia, basi waachiwe nafasi.

Miaka iliyofuata ilimpa haki. Mwaka 1978 ilitoka kadi ya kuendesha sahani za sumaku, ambayo Wozniak aliisanifu kwa chipu nane tu. Mwaka 1979 ikaja programu ya mahesabu iitwayo VisiCalc, iliyowafanya wafanyabiashara wengi waitake mashine hiyo. Mwaka 1980 kampuni ya Microsoft ikauza kadi yenye bongo jingine, chipu ya Z80, hata mashine moja ikaweza kuendesha programu za namna mbili zisizopatana. Isitoshe, kitabu cha maelezo cha Januari 1978 kilikuwa na mchoro kamili wa saketi ya mashine. Kila mwenye kitabu alipewa ramani ya nyumba nzima.

Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa Macintosh, mashine isiyo na tundu hata moja la kadi, iliyofungwa kwa skrubu zilizohitaji bisibisi ya pekee. Apple II yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 1993. Hata hivyo, kwa kuwa siri yake ilikuwa imekwisha kutolewa wazi, haikufa pamoja na kiwanda chake.

JINSI KADI INAVYOITIKA

Kila tundu la Apple II lina vidole 50 vya shaba, 25 kila upande. Vidole 16 huchukua anwani, yaani namba ya mahali panapotakiwa. 8 huchukua habari yenyewe. Vilivyobaki ni vya umeme, mapigo ya saa na amri mbalimbali.

Werevu wa usanifu uko katika kidole cha 41. Kila tundu limetengewa anwani 16 zake peke yake. Tundu la nne, kwa mfano, lina anwani kuanzia 49344 hadi 49359. La tano huanzia 49360. Programu ikitaja anwani mojawapo ya hizo, ubao mkuu wenyewe huitambua, kisha hushusha umeme katika kidole cha 41 cha tundu linalohusika, na la jingine haliguswi. Ni kama sajini anayeita askari mmoja kwa jina lake mbele ya kikosi: aliyeitwa hupiga hatua mbele, wengine hutulia. Kwa hiyo muundaji wa kadi hahitaji chipu nyingi za kuchambua anwani. Kazi hiyo imekwisha kufanywa.

Jambo la pili linalomsaidia ni mwendo wa mashine. Bongo la Apple II, chipu iitwayo 6502, hufanya mizunguko ipatayo milioni moja kwa sekunde. Kwa vipimo vya sasa mwendo huo ni wa kobe, lakini ndio unaoruhusu kadi iliyoungwa kwa nyaya za mkono ifanye kazi bila habari kuvurugika njiani.

KADI YA MWANAFUNZI

Kadi inayofaa kwa anayeanza ni ya kuwasha taa ndogo nane. Yahitaji ubao mtupu wenye matundu madogo na vidole 50 kwenye ukingo, chipu mbili, taa nane, rezista nane za omu 470, na kapasita mbili za sehemu moja ya kumi ya mikrofaradi.

Chipu ya kwanza ni 74LS374, ambayo kazi yake ni kushika habari na kuihifadhi. Nyaya nane za habari kutoka kwenye tundu huingia humo. Chipu ya pili ni 74LS32. Hiyo hupokea waya wa kidole cha 41 na waya wa kidole cha 18, unaosema kama mashine inasoma au inaandika. Vyote viwili vikishuka, maana yake mashine inaiandikia kadi hii, si nyingine. Na kidole cha 41 kinapopanda tena, chipu ya kwanza huifumba habari iliyokuwa mlangoni.

Kila taa huunganishwa na umeme wa volti 5 kupitia rezista yake, na mguu wake wa pili huingia katika chipu ya kwanza. Mpango huo una sababu: chipu ya aina hii ni hodari wa kumeza umeme kuliko kuutoa. Matokeo yake ni kwamba taa huwaka panapoandikwa sifuri. Kadi ikiwa katika tundu la nne, mwenye mashine akiandika POKE 49344,0 katika lugha ya BASIC, taa zote nane huwaka. Akiandika 255, zote huzimika. Akiandika 254, huwaka ya kwanza peke yake. Akiandika 253, ya pili.

Anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza hufahamu kitu ambacho vitabu vingi hushindwa kukieleza: namba iliyoandikwa kwenye kioo imekuwa umeme katika waya uliolehemiwa kwa mkono wake. Badala ya taa aweza baadaye kuweka swichi ya kuendesha mota ndogo, au kengele ya mlango.

TAHADHARI

Hapo ndipo penye hatari, na fundi mwenye pupa huipata hasara upesi. Askari aliyefunzwa vema hafungui silaha yake kabla ya kuhakikisha kwamba haina risasi. Vivyo hivyo, kadi haichomekwi wala haichomolewi kabla mashine haijazimwa. Kidole cha 25, chenye volti 5, kinatazamana na kidole cha 26, ambacho ni cha ardhi. Kadi ikiyumba kidogo wakati umeme ungalipo, chipu zaweza kuungua.

Jambo la pili ni mwelekeo. Kadi ikigeuzwa nyuma mbele, kidole chake cha volti 5 huangukia mahali pa kidole cha 50, ambacho kina volti 12. Chipu za volti 5 hazistahimili umeme huo. Kwa sababu hiyo yampasa muundaji kuandika neno MBELE juu ya ubao wake kabla hajalehemu waya wa kwanza.

Jambo la tatu ni kiasi cha umeme. Kitabu cha mashine chaeleza kwamba kadi zote kwa jumla zisizidi miliampea 500 katika waya wa volti 5. Kadi ya taa nane hutumia chini ya 150, lakini atakayejaza matundu yote hana budi kupiga hesabu.

Hasara ya uzembe si ndogo. Apple IIe, iliyotoka mwaka 1983, ina chipu mbili zilizotengenezwa kwa ajili yake tu. Chipu hizo hazitengenezwi tena. Ikiungua mojawapo, dawa ni kuitoa katika mashine nyingine iliyokwisha kufa, na kila mwaka mashine za namna hiyo hupungua. Kwa hiyo waungaji wazoefu hupima kadi mpya kwa mita kabla ya kuichomeka: kwanza huangalia kama volti 5 na ardhi hazikugusana, kisha hufuata waya mmoja mmoja, wakitia alama kwenye mchoro.

Kuhusu sanduku la umeme lililomo ndani ya mashine, lisiguswe na asiye fundi. Humo mna umeme wa nyumbani, unaoua. Masanduku mengine ya zamani yana kapasita ya karatasi ambayo, kwa uzee, hupasuka na kujaza chumba moshi.

KAZI INAVYOENDELEA

Zamani waungaji walizungushia nyaya nyembamba kwenye misumari ya soketi, waya baada ya waya. Wengine wangali wanafanya hivyo kwa jaribio la kwanza. Jaribio likifaulu, huchora saketi kwa programu ya bure kama KiCad, kisha huagiza kiwandani mbao chache. Kadi za sasa hutumia vijisanduku vidogo vya kumbukumbu badala ya sahani za sumaku, lakini vifaa vipya vingi hutumia volti 3.3, hivyo fundi hulazimika kuweka chipu za kupatanisha volti hizo na 5 za mashine kongwe. Tangu mwaka 1989, wapenzi wa Apple II wamekuwa na mkutano wa kila mwaka ulioanzia Kansas City, jimbo la Missouri, ambako huonyeshana kazi zao na kugawana michoro.

FUNZO KWA NYUMBA

Si kila nyumba itakuwa na kompyuta ya mwaka 1977, wala haihitajiki. Lakini chombo kilichofungwa daima humfanya mwenyewe kuwa mgeni wa mali yake. Chenye kufunguka, na chenye mchoro wake, humfanya mwanafunzi, na hatimaye fundi. Mzazi mwenye redio ya betri iliyoharibika asiitupe upesi. Aondoe betri, ampe mwanawe bisibisi na karatasi, amwambie achore kila waya kabla ya kuugusa. Huenda redio isipone. Lakini kijana aliyejifunza kuchora kwanza, kupima pili, na kuwasha mwisho, ameanza njia ile ile waliyoipita waungaji wa kadi. Mwenda pole hajikwai.