Pumzi Kabla ya Mkuki: Misingi ya Uvuvi wa Mkuki kwa Anayeanza

Uvuvi wa kutumia mkuki ni miongoni mwa njia kongwe za kutafuta riziki katika Pwani ya Kenya. Hata hivyo, wengi wanaovutiwa nao hudhani kwamba jambo la kwanza ni kujifunza kulenga shabaha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba shabaha ni somo la mwisho. Anayeanza hana budi kuifahamu kwanza sheria, kisha bahari, na hatimaye pumzi yake mwenyewe.

Kuhusu sheria, ni muhimu kutofautisha zana mbili. Mkuki wa mkono ni ufito au chuma chenye ncha kinachosukumwa kwa nguvu za mkono. Bunduki, kama wavuvi wanavyoiita, hurusha mshale kwa nguvu za mpira uliovutwa. Bunduki hiyo, pamoja na juya, ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001. Sababu ni bayana: huwamaliza samaki wa matumbaweni, wakiwemo pono ambao hula mwani na kuyapa matumbawe nafasi ya kukua, aidha, mshale unaokosa samaki huvunja matumbawe yenyewe. Isitoshe, uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968. Kwa hivyo, anayeanza na apitie kwanza kwa wasimamizi wa ufuo anaokusudia kuvua.

Ama kuhusu bahari, shule bora ni mwamba wakati maji yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana na mwamba hubaki wazi. Hapo mwanagenzi humtafuta pweza kwa miguu. Makaombe na magamba ya kaa yaliyotapakaa mbele ya shimo ni dalili kwamba mwenyewe yumo. Viatu vigumu ni vya lazima kwa sababu ya miiba ya sumu, na maji yakianza kujaa ni wakati wa kurudi, hata kama kikapu ni kitupu. Msimu wa kaskazi, ambapo bahari hutulia, humfaa mwanagenzi kuliko ule wa kusi.

Anayetaka kuzamia huhitaji miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Anaposhuka, hubana pua na kupuliza taratibu ili kusawazisha masikio. Yakiuma, hupanda juu. Lakini hatari kubwa zaidi haina maumivu. Hamu ya kupumua huletwa hasa na kuongezeka kwa hewa ya kaboni mwilini, wala si kupungua kwa oksijeni. Mtu anayehema haraka haraka kabla ya kuzama huipunguza hewa hiyo ya kaboni, naye hudhani ana pumzi nyingi ilhali oksijeni inamwishia. Katika kina cha mita 10, shinikizo ni maradufu ya lile la juu ya maji. Anapopanda, shinikizo hushuka na oksijeni iliyosalia hushindwa kuufikia ubongo vya kutosha. Hivyo huzirai karibu na uso wa maji, bila onyo lolote.

Kinga yake ni nidhamu. Mzamiaji hupumua kwa utulivu, hupumzika juu kwa muda usiopungua mara mbili ya ule aliokaa chini, na kamwe hazamii peke yake. Wawili hupokezana: mmoja akiwa chini, mwenzake yuko juu akimtazama, na huendelea kumtazama kwa nusu dakika baada ya kuibuka, kwani wapo wanaozirai wakiwa wamekwisha kuvuta pumzi.

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Samaki aliyeponyoka leo huenda akapatikana bamvua lijalo. Pumzi iliyopotea haina bamvua la pili.