Florida Keys: visiwa vinavyoning'inia kwenye barabara moja

Kutoka bara la Florida, Marekani, hadi mji wa Key West, barabara kuu namba 1 inaruka kisiwa hadi kisiwa kwa takriban kilomita 182, juu ya madaraja 42. Sisi tuliozoea foleni ya feri ya Likoni au boti ya Unguja tuna haki ya kushangaa. Mtu anatoka Miami asubuhi, na baada ya saa nne hivi yuko kisiwa cha mwisho bila kupanda chombo chochote.

Jina Keys halihusiani na funguo. Limetokana na neno la Kihispania cayo, yaani kisiwa kidogo.

Ilivyoanza, hii haikuwa barabara, ilikuwa reli. Tajiri wa mafuta Henry Flagler alianza kuijenga mwaka 1905, na Januari 1912 treni ikafika Key West. Lakini tarehe 2 Septemba 1935 kimbunga kikali kiliipiga sehemu ya kati ya visiwa. Treni iliyotumwa kuokoa watu ilichelewa. Ilipofika Islamorada, wimbi likayaangusha mabehewa, injini peke yake ikabaki wima. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengi wao askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa kambini humo wakijenga barabara.

Kampuni ya reli, ambayo tayari ilikuwa imefilisika, haikujenga tena. Serikali ya jimbo ikanunua njia na madaraja, na mwaka 1938 magari yakaanza kupita. Penye daraja la Bahia Honda, fremu ya chuma ya reli ilikuwa nyembamba mno kwa magari mawili kupishana. Mafundi wakaamua kutandika barabara juu ya paa la fremu hiyo! Daraja hilo halitumiki tena, ila bado linaonekana likiwa limekatwa kipande ili mashua zipite.

Anayeendesha leo huongozwa na vibao vidogo vya maili. Sifuri iko Key West, na wenyeji huelekezana kwa namba hizo badala ya majina ya mitaa. Daraja maarufu kuliko yote, la Maili Saba, lina urefu wa karibu kilomita 11. Lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1982. Ukifika Big Pine, punguza mwendo: kuna kulungu wafupi wasiopatikana porini kwingineko duniani, na magari huwaua wengi.

Raha hiyo ina upande wa pili. Hata maji ya kunywa hutoka bara kwa bomba linalofuata njia hiyo hiyo. Kimbunga kikitangazwa, maelfu ya magari hugeukia upande mmoja, kama ilivyokuwa kabla ya Irma, Septemba 2017. Ndiyo maana sheria ya Florida hupima vibali vya kujenga nyumba mpya kwa swali moja: je, wakazi wataweza kuondoka ndani ya saa 24 na nusu?

Bahari nayo inapanda. Maji ya bamvua sasa huingia baadhi ya mitaa hata siku ya jua kali, na kaunti ya Monroe inapanga kuinua barabara za chini. Gharama ni kubwa, na mitaa mingine ina nyumba chache tu, kwa hiyo ubishi wa nani ainuliwe kwanza haujaisha.