Kisahani na Kwale: Shabaha ya Uwanjani Inamfaa Nini Mwindaji? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alivyosajili kisahani chake cha udongo mwaka 1880, na jinsi kilivyochukua polepole nafasi ya njiwa hai kwenye viwanja vya shabaha. Sasa tuulize kama anayevunja visahani uwanjani atampata ndege porini. Naamini atampata, ila kwa sharti moja: kanuni za mchezo zisimwondolee mshtuko.

Tupige hesabu kidogo. Ndege anayeruka kilomita 60 kwa saa akakatiza mita 30 mbele ya mwindaji hufikiwa na marisau baada ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Katika muda huo amekwisha kusogea zaidi ya mita moja na nusu, kwa hiyo anayemlenga ndege mwenyewe hupiga hewa nyuma ya mkia. Mtutu hauna budi kumtangulia, tena uendelee kusogea hata baada ya kufyatua. Mkono haujifunzi hayo kwa kuambiwa. Hutaka marudio mengi, na msimu wa kuwinda hautoi marudio hayo. Ndiyo maana Charles Davis, mwindaji wa ndege wa Andover, Massachusetts, alibuni mchezo wa kupiga visahani kutoka vituo vilivyopangwa kwenye duara, apate kila pembe ambayo ndege huweza kumtokea. Jirani alipoanza kufuga kuku, duara likakatwa nusu na mashine ya pili ya kurusha visahani ikawekwa ng'ambo. Mwaka 1926 mchezo ukatangazwa majaridani, ukaja kuitwa skiti.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kisahani hupungua kasi tangu kinaporushwa, ilhali kwale huongeza kasi anapoibuka majanini. Ni kweli, na njia ya kisahani cha skiti inajulikana kabla hakijaruka. Lakini kasoro hiyo si kubwa kama ile ya bunduki kukaa begani mapema. Skiti ya Kimarekani inaruhusu jambo hilo. Ile ya Olimpiki, iliyoingia michezoni mwaka 1968, hudai kitako kibaki kiunoni mpaka kisahani kionekane, nacho huweza kucheleweshwa hadi sekunde tatu. Mtetezi wa bunduki ya begani atasema alama zake ni nyingi zaidi. Bila shaka! Ila kwale hahesabu alama, wala hangoji mtu ajiweke sawa.

Kuna jambo moja ambalo uwanja haufundishi kabisa, nalo ni kujizuia. Kila kisahani kimerushwa ili kipigwe. Porini kuna ndege aliye mbali mno, asiyeruhusiwa, au aliye upande walipo wenzako. Kwa hiyo, mwindaji, fanya mazoezi bunduki ikiwa kiunoni, mwombe mwenzako arushe bila kukuonya, na visahani vingine viache vipite bila kuvipiga.

Juma lijalo: madini ya risasi yanayobaki ardhini.