Kyela: simu zinaingia kila msimu, mifumo yake haidumu

Fedha za kakao zikishaingia kwenye akaunti, wateja huanza kuulizia simu janja. Wenye maduka Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu wanalijua hilo na hujiandaa mapema. Mzigo hutoka Kariakoo, unapita Mwanjelwa jijini Mbeya, kisha unashuka milima ya Tukuyu hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Kwenye kabati la kioo itel hukaa chini kwa bei, Tecno na Infinix katikati, Samsung juu, na vitochi hupangwa pembeni kwa anayetaka chaji ya kukaa siku nyingi. Mteja anauliza betri, kamera na "GB ngapi". Haulizi simu inatumia toleo gani la mfumo endeshi, wala itaendelea kupata masasisho kwa miaka mingapi. Muuzaji naye mara nyingi hana jibu. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa Kyela anapoteza fedha nyingi kwa sababu ya swali hilo lisiloulizwa kuliko kwa bei yenyewe ya simu.

itel, Tecno na Infinix zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Kampuni hiyo iliisoma Afrika vizuri: betri kubwa, laini mbili, kamera inayoonyesha vizuri sura ya mtu mweusi. Laini mbili ndizo zinazouza hapa kuliko kitu kingine. Mfanyabiashara wa Kasumulu anavuka daraja la mto Songwe kwenda Karonga na kurudi siku hiyohiyo, na mfukoni ana laini ya Tanzania ya kupokea fedha za mchele na laini ya Malawi ya kuwasiliana na wateja wake wa ng'ambo. Simu moja inambebea biashara ya nchi mbili.

Ila mpaka una usumbufu wake, na unatokana na mfumo wa simu wenyewe. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie muda yenyewe ikinasa mnara wa ng'ambo ya mto, hurudi nyuma bila kumwarifu mwenyewe. Mtu aliyetega alamu ya saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la Mbeya anaamshwa wakati kwa saa za Tanzania ni saa kumi na mbili, na basi limeshaondoka. Salio nalo linaweza kuteketea kwa gharama za ng'ambo ilhali mtu amekaa sebuleni kwake. Dawa ni rahisi: kwenye mipangilio ya tarehe na saa unazima muda wa kiotomatiki na kuchagua Dar es Salaam, na kwenye mipangilio ya mtandao unachagua kampuni yako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Muuzaji anaweza kumfanyia mteja hayo yote wakati anambandikia protekta.

Malalamiko yanayojaza benchi la fundi simu ni mawili. La kwanza ni "simu imejaa, inastaki". Desemba 2017 Google ilitoa Android Go, mfumo mwepesi uliokusudiwa simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu. Uliwafungulia mlango watu wengi ambao bei ya simu janja ilikuwa imewafungia nje. Lakini programu hazikubaki nyepesi kama ulivyokuwa mfumo. Sasisho la WhatsApp au la programu ya benki mara nyingi linakuja zito kuliko lililotangulia, na mfumo wenyewe pamoja na programu za kiwandani huwa umeshachukua sehemu kubwa ya nafasi hata kabla mteja hajapiga picha yake ya kwanza. Ongeza makundi ya kikoba, kwaya, ukoo na ushirika, kila moja likimwaga video asubuhi na jioni. Kuzuia WhatsApp isipakue video yenyewe kunaokoa simu nyingi kuliko kununua memori kadi.

Mfumo ukichakaa, simu nzima inakufa ingawa kioo na betri ni vizima. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5. Mwaka 2025 iliviacha pia vitochi vya KaiOS, vile vilivyouzwa kwa sifa kwamba ni kitochi lakini kina WhatsApp. Mama muuza dagaa wa Matema aliyekuwa akipokea oda za wateja wa Mbeya kwa ujumbe wa sauti hakuharibikiwa simu. Alifungiwa duka.

Lalamiko la pili linaumiza zaidi. Mkulima ananunua simu, na simu inadai akaunti ya Google. Hana barua pepe, hivyo muuzaji anamfungulia hapohapo kaunta: jina la kubahatisha, nywila ya kubahatisha, na mara nyingine namba ya muuzaji mwenyewe kama kinga. Simu inafanya kazi, mteja anaondoka na furaha yake. Miezi minane baadaye anasahau namba ya siri, au mtoto anaibonyeza hadi inajifunga. Fundi anaifuta ianze upya, na inapowaka inadai akaunti ileile ya mwanzo. Ulinzi huo uliingia na Android 5.1 mwaka 2015 ili kumkatisha tamaa mwizi. Hapa unamnasa mwenye mali. Akaunti haikumbuki, risiti ilishaloa na kutupwa, na majina ya wateja, picha za msiba na mazungumzo ya biashara yote yamehifadhiwa ndani ya akaunti ambayo hakuwahi kuwa yake.

Fundi anabaki njia panda. Kuuvunja ulinzi huo ni kazi inayolipa, na mafundi wengi wanaijua, lakini simu ya wizi nayo huja benchi na maelezo hayohayo ya "nimesahau". Mamlaka ya Mawasiliano ina rekodi za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, tangu ilipozizima simu bandia usiku wa Juni 16, 2016, na mtu yeyote anaweza kubonyeza *#06# kisha kutuma namba hiyo kwenda 15090 ili kujua simu yake ni ya aina gani. Mnunuzi wa simu ya mkononi mwa mtu afanye hivyo kabla ya kutoa hela. Na muuzaji anayefungua akaunti kwa niaba ya mteja aiandike barua pepe na nywila kwenye karatasi, amkabidhi mteja mwenyewe, na aweke namba ya mteja badala ya yake. Ni kazi ya dakika mbili, na pengine ndiyo huduma kubwa kuliko zote anazoweza kumpa.

Kuna pia maji. Kyela ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi nchini, na Aprili simu zinazama kwenye majaruba, kwenye mitumbwi na kwenye mifuko ya makoti. Ukiifungua iliyoloa wiki iliyopita utakuta kutu ya kijani imeota kwenye sistimu chaji, na fundi anaisugua taratibu kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti. Nyingi huwa zimepitia kwanza kwenye debe la mchele, na mchele ndicho kitu kisichokosekana hapa. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake waache kutumia mchele kukaushia simu, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuharibu. Zima simu, igeuze tundu la chaji lielekee chini, iache kwenye hewa, na usiichaji hadi ikauke kabisa. Kinachoua si maji peke yake. Ni umeme unaopitishwa juu ya maji.

Upande wa sera haujatulia. Julai 2021 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, na asilimia 18 ikarudi. Mjadala wa kodi ni wa haki, lakini umefunika jambo ambalo halihitaji Serikali iachie hata shilingi: kumlazimisha mwagizaji aandike kwenye boksi toleo la mfumo na tarehe ya mwisho ya masasisho. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 20, 2025, unamtaka mtengenezaji atoe masasisho kwa angalau miaka mitano tangu aache kuuza aina hiyo ya simu. Samsung imeahidi miaka sita hata kwa Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri. Kwa hiyo inawezekana. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wana pa kuanzia, na mkulima wa Ikolo anastahili kuisoma tarehe hiyo kama anavyoisoma kwenye mfuko wa mbegu.

Kwenye kompyuta hesabu ni kali zaidi. Steshenari za Kyela ndizo ofisi za mtandao za wilaya: maombi ya mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya ajira. Nyingi zinategemea laptop zilizokwishatumika Ulaya au Dubai, Dell Latitude na HP EliteBook, ambazo kimaungo bado zina nguvu. Mapema 2023 Google iliacha kuisasisha Chrome kwenye Windows 7. Oktoba 14, 2025 Microsoft ikasitisha masasisho ya bure ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta nyingi za kabla ya 2018. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza walipewa hadi Oktoba 2026. Kinachomtisha mwenye steshenari ni kwamba kompyuta zake ndizo zinazobeba namba za vitambulisho na nywila za wilaya nzima.

Njia nyingine ni kuhamia mfumo endeshi wa Linux, na si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili. Linux ni ya bure, inazifaa kompyuta za umri huo, na kazi nyingi za steshenari siku hizi zinafanyika ndani ya kivinjari. Panapokwama mara nyingi ni printa. Anayetaka kujaribu aiwashe kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows yake, achomeke printa, achape ukurasa mmoja. Ukitoka safi, akope flashi nyingine na kuhamisha mafaili ya wateja kabla ya msimu wa maombi kuanza.