Mjusi Kafiri Asemacho Usiku

Katika nyumba za Tanga, Pangani na Muheza, taa iwashwapo barazani hukawii kumwona mjusi kafiri akitoka nyuma ya boriti. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu iliyofifia, naye hutembea darini miguu juu asianguke. Punde husikika: che-che-che-che, mlio mkavu kama wa mtu agongaye kucha juu ya kiberiti. Wengine hudhani ni mdudu; wengine husema mjusi anapiga mkia ukutani. Wote wamekosea.

Mlio huo hutoka kooni. Mijusi walio wengi ni mabubu; wakikasirika hutoa pumzi tu, kama nyoka. Mjusi kafiri na jamii yake wamejaliwa nyuzi za sauti. Hewa ya mapafuni ikipita hapo kwa mikupuo mifupi mifupi, nyuzi hutetema na mlio hukatika vipande. Masikio pia anayo: tazama nyuma ya jicho utaona tundu dogo, na ndani yake kiwambo. Mijusi wa mchana huonyeshana rangi na kutikisa vichwa. Gizani ishara hizo zingefaa nini?

Basi husema nini? Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Dale Marcellini, alichapisha uchunguzi wake juu ya Hemidactylus frenatus, ndugu wa mijusi wetu mwenye asili ya Asia, aliyesambaa nchi za joto kwa vyombo vya bahari. Alitenga milio mitatu. Wa kwanza ndio huo wa mfululizo, usikikao mara nyingi kuliko mingine. Wa pili ni mkwaruzo wa dume amkabiliye dume mwenziwe. Wa tatu ni mlio mmoja mfupi wa mnyama aliye taabuni. Huyu wetu ajulikanaye sana, Hemidactylus mabouia, naye hulia dume amwendeapo jike, na madume wapiganapo. Si ajabu wakigombana: aliyeshika ukuta wenye taa ameshika ghala, maana nondo na mbu hujileta wenyewe.

Jina la "kafiri" lina kisa chake. Waislamu husimulia, kwa kutegemea Hadithi, kwamba mjusi huyu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, na wapo wamwuao kwa sababu hiyo. Mambo ya imani si ya ukurasa huu. Lakini wapo pia wamwuao kwa kudhani ana sumu, na hilo twaweza kulijibu: hana. Lililo kweli ni kwamba kinyesi chake huweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Chakula na kifunikwe.

Wanafunzi waweza kumchunguza kwa saa, daftari na penseli tu. Chagueni ukuta mmoja wenye taa na mwingine usio na taa. Kwa wiki mbili, kuanzia saa 1 hadi saa 4 za usiku, andikeni kila mlio wa mfululizo: wakati wake, idadi ya vipande, mijusi waonekanao, na kilichofuata. Je, aliyelia alifuatwa, au mwenziwe alikimbia? Shule ikiwa na kipimajoto, andikeni na joto la hewa, maana mwili wa mjusi hufuata joto la mahali alipo, na usiku wa Julai, kusi ikivuma, si sawa na ule wa Februari. Msimshike ili alie. Atalia kweli, lakini huenda akawaachia mkia mkononi, ukirukaruka peke yake.